Maksai Aliyeshinda Kundi la Klasiki

Mwisho wa 2012 nilikuwa na shahada, kompyuta ya mkononi na muda mwingi. Kwa sababu ya hiyo kompyuta, shirika lililokuwa likiandaa tuzo za muziki za nchi nzima lilinifanya katibu wa waamuzi wa Turkana. Mwamuzi mkuu alikuwa mwalimu mstaafu wa Lodwar, mtu aliyezeeka akihukumu kwaya za shule. Kwake muziki ulikuwa alama mia moja, na kumi kati ya hizo zilikuwa za mavazi na kuinamia hadhira.

Makundi ya tuzo yalipangwa Nairobi: muziki wa kisasa, injili na klasiki. Kakuma, penye kambi ya wakimbizi, kila kijana mwenye kofia alikuwa rapa. Kundi la klasiki lilipata mtu mmoja tu.

Alikuwa mwanamke wa Sudan Kusini, muuza sukari na majani chai kambini na mwalimu wa kwaya ya kanisa lake. Alikuwa na kinanda kidogo cha betri kilichopungukiwa na vitufe vitatu. Alipiga muziki wa Kizungu aliofundishwa na padri, na zile noti tatu alizijazia kwa mdomo.

"Nikishinda naenda Nairobi?" aliniuliza akinipa fomu.

"Mshindi wa kila kundi anaenda fainali, dada."

"Na kibali cha kutoka kambini?"

"Barua ya mwaliko itakusaidia."

Ndipo akaniambia kwamba mama yake alikuwa ameletwa Nairobi kutoka Juba kutibiwa macho, na angerudi mwisho wa mwezi. Walikuwa hawajaonana miaka tisa.

Alikuwa peke yake katika kundi. Angeshinda hata kwa kukaa kimya. Lakini asubuhi ya shindano, kwenye uwanja wa shule moja Kakuma, mfugaji mmoja alifika na maksai wake mweupe mwenye kengele shingoni. Kama wanaume wengi wa Kiturkana, alikuwa amemtungia wimbo ng'ombe anayempenda, na alitaka kuuimba. Mwalimu akamwambia hakuna kundi lake.

"Kwa nini asiingie klasiki?" nikauliza. "Barua ya kanuni kutoka Nairobi inasema klasiki ni muziki wenye utaratibu, uliorithiwa, unaosikilizwa kwa utulivu. Nani alisema lazima utoke Ulaya?"

Mwalimu akaisoma barua mara mbili. "Katibu ana hoja."

Nilijisikia vizuri kwa muda mfupi sana. Kisha nikamwona mwenye kinanda akinitazama.

"Jina la msanii?" nikamuuliza mfugaji.

"Andika ng'ombe."

"Msanii ni wewe, mzee."

"Mimi nabeba tu. Wimbo ni yake. Ukiandika mimi, ni uongo."

Mwalimu hakuvumilia uongo kwenye fomu. Nikaandika jina la maksai.

Dada alipiga kinanda ndani ya darasa, tukasahau joto. Kwa ajili ya maksai tulibeba meza yetu nje. Mfugaji aliimba mikono ikiwa juu, imepinda kama pembe, na ng'ombe akasimama akicheua kwa utulivu ambao barua ilitaka. Akajisaidia mara moja tu, katikati ya ubeti.

Dada alishindwa kwa alama moja. Mwalimu alikuwa ameikata kwenye mavazi, kwa sababu ya sandali zake za plastiki.

"Na maksai je, mwalimu? Ana viatu?"

"Maksai amevaa kengele. Kwa kabila lake, amependeza."

Kesho yake nilifuatilia vibali. Daktari wa mifugo alimfungua maksai mdomo, akamtazama meno, akagonga mhuri kabla chai yangu haijapoa. Kwenye dirisha la kambi, niliposimama na dada, karani aliisukuma barua yetu ya mshindi wa pili kwa kidole.

"Kuimba si sababu. Sababu ni matibabu, masomo au biashara."

"Na mtu anayesindikiza mifugo sokoni?"

"Hiyo ni biashara. Mifugo iko wapi?"

Nikaenda kumwomba mfugaji. Alicheka hadi akashika mkongojo kwa mikono miwili.

"Huyu mama ya sukari achunge maksai yangu? Anajua ng'ombe ama anajua kilo?"

Dada alimzunguka maksai, akainua mguu wa nyuma na kuchokoa ukwato kwa kidole.

"Wallahi, unaimba mchana kutwa na ng'ombe yako ana mwiba hapa. Daktari alitazama meno. Wewe ulitazama nini?"

Mfugaji akainama kuutazama ule mwiba.

"Ejok, ni sawa," akasema hatimaye. "Mwandike."

Kibali kilitoka siku mbili kabla ya safari. Kiliandikwa: mfanyabiashara wa mifugo, ng'ombe mmoja. Nafasi yangu kwenye lori la kwenda Nairobi ilichukuliwa na nyasi za maksai. Ni mimi niliyeuliza kwa nini asiingie klasiki.

Jumapili dada alinipigia simu kutoka Nairobi. Maksai alikuwa amekataliwa mlangoni mwa ukumbi kwa sababu ya zulia, na mfugaji akakataa kuimba mahali ambapo msanii haruhusiwi. Tuzo ilikwenda kwa kwaya ya Nairobi.

"Na mama?"

"Yuko hapa. Nimemleta pale lori limeegeshwa, akampapasa maksai kutoka pembe mpaka mkia. Sasa anauliza ni nani amekuja kunioa."

Nyuma yake nilisikia sauti ya mwanamke mzee ikisema jambo kwa ukali, na mfugaji akikohoa.

"Anasema nini?"

"Anasema ng'ombe mmoja hatoshi. Mwanamume arudi na wengine."