Karakana ya Kwenye Picha

Bungeni walimwita Bi Mikono, na si kwa ubaya. Waheshimiwa wenyewe huitana majina mabaya kuliko hilo. Kazi yake ilikuwa kusimama mbele ya kamera pembeni mwa ukumbi, amevaa nguo nyeusi isiyo na ua wala kifungo cha kumeremeta, na kuyageuza maneno ya wabunge kuwa lugha ya alama, ili kiziwi aliyeketi nyumbani kwake naye ajue nchi inaendeshwaje. Wapo watakaosema heri asijue, lakini hilo si la mkalimani kuamua.

Ukalimani una masharti yake. Huongezi, hupunguzi. Msemaji akidanganya, unadanganya naye bila kupepesa macho. Akisema "mimi nimejenga," husemi "anasema amejenga." Unajigusa kifua, basi umejenga wewe. Miaka nenda miaka rudi Bi Mikono alijenga madaraja, akafungua viwanda, akapandisha mishahara, halafu jioni akarudi kwenye vyumba viwili alivyopanga pamoja na mdogo wake wa kiume.

Mdogo wake huyo ndiye aliyempa kazi, ukitaka kusema kweli. Homa ilimwachia uhai ikamchukua masikio tangu akiwa mtoto wa kutambaa, na wazazi, kwa kuwa walikuwa na shughuli zao, walimwachia dada mtu amwelewe. Wawili hao wakajitungia alama ya njaa, ya kiu, ya mbwa wa jirani, na ya shangazi mmoja mwenye domo refu. Hiyo ya shangazi iliwaletea bakora. Walipokuja kufundishwa alama za shuleni, walikuwa wameshazungumza vya kutosha. Dada akapata kazi kwa sababu ya ndugu yake. Ndugu mwenyewe hakupata.

Kisha serikali ikaja na mpango wake wa ajira kwa vijana, na yeye akachaguliwa kujifunza kuchomelea vyuma. Alikuwa na jicho. Geti aliloliunga yeye hulioni mshono mpaka uupapase kwa kidole. Siku ya kufunga mafunzo waziri alikuja mwenyewe. Wakamsimamisha kijana mbele ya mashine mpya, wakamvisha koti la kazi, wakatundika nyuma yake bango lenye neno KARAKANA, wakapiga picha. Picha ilipokwisha, koti likavuliwa na mashine ikapandishwa garini ilikotoka. Waliofuzu wakaambiwa mashine zao ziko njiani.

Ngoja ngoja huumiza matumbo. Alizunguka karakana za watu akiomba hata kibarua, lakini mwenye karakana akishagundua kwamba itabidi amwelekeze kwa mikono, anakumbuka ghafla kuwa nafasi zimejaa. Mtaani watu wakawa wanamwita Fundi, kwa heshima mwanzoni, baadaye kwa mazoea. Fundi hakukata tamaa upesi. Alikwenda kwenye chama cha viziwi, chama kikamtafuta mama mbunge mmoja mkali, na mama mbunge akakubali kuuliza swali: mashine walizoahidiwa viziwi waliofuzu zitatolewa lini? Hilo tu. Waziri akitaja tarehe mbele ya Bunge, itambidi aitimize, au aaibike.

Asubuhi ya swali Fundi alivaa shati lililopigwa pasi, kana kwamba yeye ndiye angesimama bungeni, akaiweka televisheni tayari.

"Akisema lini, usiharakishe," alimwambia dada yake kwa mikono. "Nataka nilione vizuri."

"Utaliona," dada akajibu.

Waziri hakuwa mtu mbaya. Alikuwa na sauti ya upole, na tabia ya kusoma alichoandikiwa na maofisa wake kama alivyokikuta. Zamu yake ilipofika alisimama, akafunga kifungo cha koti.

"Mheshimiwa Spika, naomba nimjulishe mheshimiwa mbunge kwamba mashine hizo zimeshatolewa. Mimi mwenyewe nilizikabidhi."

Bi Mikono akajigusa kifua. Mimi mwenyewe nilizikabidhi.

"Na kwa faida ya wale wanaobeza mpango huu, mtazameni kijana huyu." Kwenye skrini kubwa ikatokea picha: Fundi na koti la kazi, mashine, bango. "Kijana huyu hasikii. Lakini leo ana karakana yake, na ameajiri wenzake wawili."

Hapo ndipo mtu wa nyama na damu angesimama kidogo. Mikono ya Bi Mikono haikusimama. Ilikwenda yenyewe, safi, kwa mwendo uleule wa kila siku, ikasema kijana huyu, ikasema ana karakana yake, ikasema wawili. Yeye alikuwa anaitazama kama mikono ya mtu mwingine. Hakuona hasira, hakuona aibu. Alikufa ganzi tu, na akashangaa kidogo kwamba ganzi haiumi.

Mama mbunge akainuka na swali la nyongeza. "Karakana hiyo iko wapi, mheshimiwa?"

"Nitampeleka mheshimiwa mwenyewe, akatengenezewe geti," waziri akasema. Ukumbi ukacheka, meza zikapigwa, na kicheko nacho Bi Mikono akakitafsiri, maana kiziwi ana haki ya kujua kwamba watu wanacheka.

"Swali limejibiwa," Spika akasema. "Tuendelee."

Na kwa kanuni za Bunge lile, swali lililojibiwa lilikuwa limekwenda na maji. Hakuna mbunge aliyeruhusiwa kuliuliza tena mpaka uchaguzi mwingine.

Bi Mikono alipotoka kwa mapumziko alikutana na waziri kwenye korido. Waziri akasimama, jambo ambalo wengi hawalifanyi.

"Mama, mikono yako inapendeza kuitazama. Mnapata matatizo yoyote hapa kazini?"

Huo ndio ulikuwa wakati. Mlango ulikuwa wazi na aliyeufungua ni mwenye nyumba. Ilitosha kusema: yule wa kwenye picha ni mdogo wangu, mheshimiwa, na hana hata nyundo. Lakini mtu aliyeyasemea ya wengine maisha yake yote, ya kwake huyatoa wapi? Akafikiria kodi ya nyumba. Hata hiyo hakuifikiria kwa nguvu.

"Hapana, mheshimiwa. Tunashukuru."

"Karibu sana," waziri akasema, akaenda kunywa chai.

Aliporudi nyumbani alimkuta jirani sebuleni, mama mjane wa nyumba ya tatu, ameketi kwenye ncha ya kiti kama mtu aliyekuja kuomba. Fundi alikuwa amekaa mbele yake na shati lake la pasi, hajui anaambiwa nini.

"Afadhali umekuja, dada," jirani akasema. "Nimemwona kwenye TV. Hongereni jamani. Mwambie asinisahau. Hata kufagia hiyo karakana nitafagia."

Bi Mikono akatafsiri. Fundi alimtazama jirani, si dada yake, kisha akajibu polepole kwa mikono yake mikubwa.

"Anasema hana karakana," Bi Mikono akasema. "Walimpiga picha tu."

Jirani akatabasamu kwa uchungu, akajifunga khanga. "Dada, nilikuona wewe mwenyewe pale pembeni, unathibitisha. Leo hana? Haya. Mwenye shibe hamjui mwenye njaa." Akatoka bila kuaga.

Wakabaki wawili. Ganzi ilianza kumtoka Bi Mikono, na ilipotoka iliuma kweli. Akasogeza kiti mpaka magoti yao yakakaribiana. Alitaka kumwambia kwamba ile ni kazi tu, kwamba mdomo haukuwa wake, kwamba alikutana na waziri na akanyamaza, na kwamba hilo la kunyamaza ndilo lililokuwa lake. Akainua mikono.

Fundi aliitazama ikiinuka. Kisha akafumba macho.