Hongera Tulizompa Mama wa Kanga

Kundi letu la kujifunza kufundisha kompyuta itambue vitu kwenye picha lilizaliwa mtandaoni, na wengi wetu hatujawahi kuonana. Tulikuwa vijana tu, tunabishana kutwa na kuitana vilaza bila kinyongo. Kisha akajiunga mama mmoja mjane, muuza kanga wa Kariakoo, na siku hiyohiyo kundi zima likapata adabu. "Shikamoo mama" zikamiminika. Akaziitikia moja moja, "Marahaba mwanangu," mpaka somo likasahaulika.

Mama alikuja na shida yake. Wateja humtumia picha ya kanga waliyoiona harusini, naye alitaka kompyuta itambue ni ipi kati ya zile za dukani. Mashemeji zake, ndugu wa marehemu, walitaka kulipangisha duka. Akiwaonyesha kwamba anaweza kuuza kwa simu, wangemwachia.

Asubuhi moja akatuandikia: "Wanangu, nimeijaribu kwa picha zilezile nilizoifundishia. Haijakosa hata moja!"

Nililijua kosa papo hapo. Ni kama kumpa mwanafunzi mtihani ambao majibu yake alishaonyeshwa. Angekuwa kijana mwenzangu ningemcheka hadi ajute. Lakini mtu mzima, mbele za watu? Wenzangu walishaanza kumwaga hongera, nami nikaandika, "Hongera sana mama, umetuzidi." Ningeweza kumwandikia pembeni, wala sikumwandikia. Nilijiambia ni heshima. Ulikuwa woga tu.

Jumamosi akawaita mashemeji dukani. Mmoja akapiga picha ya kanga aliyojifunga mteja pale mlangoni, kompyuta ikataja nyingine. Wakajaribu tena na tena, ikakosa. Alitusimulia mwenyewe kwa ujumbe wa sauti, na nyuma yake nilisikia marobota ya kanga yakiburutwa nje.

"Nimekosea wapi, wanangu?"

Kundi kimya. Ndipo nikamwandikia pembeni, nikamweleza kosa lote kwa utaratibu, kama mwalimu mwema.

Akajibu upesi: "Ahsante mwanangu. Wenzio wananionea haya, wewe ndiye uliyenipenda. Ungeliona mapema ungeniambia, najua."

Nilianza kuandika jibu, nikafuta, nikaandika tena, nikafuta. Mwisho nikamtumia kialama cha viganja viwili vilivyounganishwa.

Duka limepangishwa, sasa wanauza makava ya simu. Mama bado yumo kundini, na kila Ijumaa huniombea dua, mimi peke yangu, nami huitikia amina.