Gari Waliloliita Marehemu

Shangazi yangu ni kinyozi. Si msusi, ni kinyozi. Mgeni akiingia kwenye kile chumba chake chenye viti viwili na kumkuta ameshika mashine, huangaza macho huku na huku kisha huuliza kinyozi yuko wapi. Shangazi humwonyesha kiti na kumwambia kinyozi amesema ukae. Wengine hugeuka na kwenda zao. Wanaokaa hurudi tena, na safari hiyo huja na watoto wao. Mtaa mzima unamwita Wembe, hata wale waliosema zamani kwamba mwanamke hawezi kumshika mwanamume kichwa.

Nimeanza na hilo ili ujue ni mtu wa namna gani, maana habari yenyewe ni ya gari.

Gari lilikuwa la babu, aliyewazaa Shangazi na Baba. Ni refu, rangi yake hapo kale ilikuwa kijani, na linanizidi umri hata ukinijumlisha na dada yangu. Babu alipoliacha lilikuwa likitembea kwa kukohoa, na vijana wa pale kona wakalipa jina la Marehemu. Asubuhi Shangazi akipita kwenda kazini, watamuuliza tu Marehemu ameamkaje. Naye bila kupunguza mwendo huwajibu kwamba anawasalimu, na amesema atawazika wote.

Alilitengeneza mwenyewe. Nilipomuuliza alijifunzia wapi, alisema kwenye vichwa vya watu. Mafundi wa magari nao huota nywele. Fundi akikaa kitini, Shangazi humfunga kitambaa, humpaka povu, humwekea wembe shingoni, halafu ndipo humuuliza kwa nini injini inatetemeka ikiwa baridi. Mtu mwenye wembe shingoni hajibu ovyo.

Basi kidogo kidogo Marehemu akaacha kukohoa. Shangazi alibadilisha plagi na mipira ya maji, akaweka taa mpya zinazoona mbali, akafunga mikanda kwenye kiti cha nyuma ambako haikuwahi kuwapo. Kiti cha mbele alikiinua juu na kuweka mahali pa kukanyagia palipotoka kwenye kiti kibovu cha kinyozi. Hicho kilikuwa cha Bibi. Magoti ya Bibi hayakunjiki. Kwenye magari mengine lazima akunjwe kama mkeka, na anasema akifika anakokwenda hukunjuliwa akiwa na makunyanzi mapya. Kwa Marehemu alikuwa anapanda kama mtu. Alipelekwa kliniki, alipelekwa kwa mdogo wake upande wa pili wa mji, na siku nyingine hakupelekwa popote, alizungushwa tu aone nani kajenga na nani kanenepa.

Siku ya balaa aliyekuwa anaendesha ni Baba, Bibi akiwa kwenye kiti chake. Nyumba yetu iko juu ya mteremko, na chini kabisa kuna jengo lisiloisha na mlima wake wa mchanga. Baba alikanyaga breki katikati ya mteremko, pedali ikazama hadi sakafuni kama imekanyagwa juu ya uji. Ule mchanga ndio uliowapokea. Bibi alipoteza ndala moja tu. Baba alirudi nyumbani kwa miguu na mchanga kwenye nyusi, akanywa maji, akakaa, akanywa tena, ndipo akasema la kuvunda halina ubani. Jumamosi lori la vyuma chakavu lingekuja kulichukua.

Tulidhani amekasirika. Mimi nilikuwa namtazama mikono, na naapa haikuwa hasira. Baba aliogopa, na woga wa Baba huvaa nguo za hasira.

Yeye ndiye mkubwa, na akishasema, huwa imekwisha. Shangazi alimsikiliza mpaka mwisho kwa adabu zote, kisha akasema, "Nimekusikia, kaka." Anayemfahamu anajua kwamba hapo amekataa. Akauliza swali moja tu: je, kama Jumamosi breki zitakuwa zinashika? Baba akacheka kile kicheko kisicho na meno. Bibi, aliyekuwa amekaa kando akijipaka dawa magotini, akasema kwa upole kwamba mwanawe ana hiari, ama akubali, ama aanze kufanya mazoezi ya kumbeba mgongoni.

Baba akatoa sharti. Gari litashuka mteremko uleule, yeye akiwa ndani, na litasimama mbele ya macho ya mwenye lori. Likishindwa, linapakiwa palepale.

Gari likakokotwa hadi uani, kazi ikaanza. Shangazi alipandisha gari kwa jeki, akaliwekea magogo chini lisije likamlalia, akavua gurudumu la nyuma la kushoto. Ndani yake kuna chungu cha chuma kinachozunguka pamoja na tairi, wanakiita dramu. Ukikanyaga breki, vibao viwili vilivyopinda kama mwezi mchanga vinatanuka na kukibana kile chungu kwa ndani. Kumbe kila kitu kilikuwa kimelowa. Silinda ndogo inayosukuma vile vibao ilikuwa inavuja mafuta ya breki, na vibao vyenye mafuta haviwezi kukamata kitu. Nilimuuliza kwa nini asifungue na la kulia tumalize kwa mpigo. Akasema upande uliofungwa ndio mwalimu wa upande uliofunguliwa. Ukifungua pande zote mbili una mafumbo mawili na huna pa kuchungulia jibu.

Alipanga vipande juu ya taulo, kwa mpangilio kama vitana vyake, akaenda kazini.

Baba naye, kwa nia njema kabisa, alikuwa amemtuma fundi wa kona aje kumsaidia dada yake asije akajiua. Fundi huyo tunamwita Spana. Ana mkono mwepesi na subira nyepesi zaidi. Alikuja Shangazi hayupo, akafungua gurudumu la kulia, akakusanya vipande vyote, vya kulia na vya kushoto, akavitumbukiza kwenye beseni moja avioshe. Kabla hajamaliza, akaitwa kwenye lori lililokwama, akaondoka. Shangazi aliporudi alikuta vipande vinang'aa kama vijiko vya arusi, na hakuna kinachojua nduguye.

Alichuchumaa pale akalitazama beseni. Baba akatoka, akatazama, akasema labda hiyo ni ishara kwamba mbingu nazo zimechoka na lile gari.

"Mbingu hazijasema kitu, kaka," Shangazi akajibu. "Aliyesema ni Spana, na Spana hata ndevu zake hamalizi kunyoa."

Akaanza upya bila mwalimu. Aliviokota vipande kimoja kimoja na kuvigeuza kwenye mwanga. Mahali springi ilipokuwa ikisugua kwa miaka yote hiyo, chuma kilikuwa kimelika na kuacha mfereji mdogo unaong'aa. Pasipoguswa palikuwa na weusi. Akawa anatafuta mfereji na springi inayouingia, kama mtu anayetafuta mfuniko wa sufuria kwenye kabati la watu wengi. Akaweka silinda mpya na vibao vipya, akafunga, akatoa hewa kwenye mirija ya mafuta ya breki, maana hewa ikibaki humo pedali hulegea. Vipande viwili tu havikumwambia lolote: skrubu mbili fupi zenye gurudumu la meno, zinazokaa kati ya vile vibao na kujirefusha zenyewe kadiri vibao vinavyolika. Zilikuwa pacha. Akatia moja huku na moja kule.

Breki zikashika. Alizijaribu kwenye njia tambarare ya nyuma, mbele na kinyumenyume, na Marehemu akawa anasimama kama askari. Vijana wa kona wakapiga makofi ya dhihaka yaliyogeuka yakawa ya kweli kabla hawajajishtukia.

Kesho yake pedali ilikuwa chini kidogo. Kesho yake tena, chini zaidi. Spana akasema ni hewa. Shangazi akatoa hewa upya mpaka mafuta yakaja safi bila povu, na bado pedali ikawa inateremka kila anapoendesha, taratibu, kama mtu anayeondoka bila kuaga. Ijumaa Baba mwenyewe aliingia garini akaikanyaga. Nilitegemea atamcheka. Hakumcheka, na hilo lilikuwa baya zaidi.

"Mdogo wangu," akasema, "umejitahidi. Acha sasa."

"Kujitahidi ni neno la kumpa aliyeshindwa," Shangazi akasema. "Mimi sijamaliza."

Akavua magurudumu tena, akazichomoa zile skrubu mbili, akatia mfukoni, akaenda kunyoa, maana wateja nao wana vichwa.

Nilikuwa nimekaa pale nikifanya hesabu za shule. Mteja mmoja, mwalimu wa mpira, alikuwa ameshanyolewa upande mmoja. Shangazi alikuwa ameweka zile skrubu kwenye rafu mbele ya kioo, na kila akichovya kitana huzitazama. Ghafla mashine ikanyamaza. Akachukua skrubu moja akaisogeza kwenye kioo, akaiangalia ile ya ndani ya kioo. Halafu akaiangalia pacha wake pale rafuni. Ile ya ndani ya kioo na ile ya rafuni zilifanana kabisa. Ile aliyoishika haikufanana nazo. Mistari yake inayozunguka ilikuwa imelalia upande mwingine, hata ukiigeuza kichwa chini miguu juu.

Kumbe hazikuwa sawa hata kidogo. Moja hukazwa kulia, nyingine hukazwa kushoto, kila moja kwa gurudumu lake. Yeye alikuwa amezibadilisha mahali. Badala ya kujirefusha kila gari likitumika, zilikuwa zinajifupisha, na vibao vinazidi kukaa mbali na chungu. Breki zilikuwa zinajilegeza zenyewe, kwa bidii kubwa.

Mteja akauliza kwa sauti ndogo kama kuna kitu kibaya kichwani mwake. Shangazi akamwambia kichwa chake ni kizima, asubiri kidogo tu. Kidogo hicho hakikumtosha yule bwana, akatufuata nyumbani, kitambaa shingoni na nusu ya nywele, akasimama uani akiuliza kila kipande ni cha nini. Jua likiwa bado juu, kila skrubu ilikuwa imerudi kwao. Jioni ile Shangazi alizunguka na gari hadi mafuta yakakaribia kwisha. Pedali ilianza juu na ikabaki juu.

Jumamosi lori likaja, likaegeshwa chini karibu na mchanga. Mwenye lori alishuka, minyororo tayari begani. Vijana wa kona walijipanga kama wako uwanjani. Bibi alitaka kupanda, wanawe wakamkatalia kwa pamoja, kitu cha kwanza walichokubaliana wiki nzima. Baba akakaa kiti cha Bibi, akafunga mkanda, akaukagua, akaukagua tena. Shangazi akashika usukani.

Mimi nilikimbia pembeni mwao. Gari lilishuka polepole, likasimama. Likashuka kwa kasi zaidi, likasimama. Safari ya tatu Shangazi aliliachia hadi nikasikia mtu nyuma yangu akiguna, kisha akakanyaga, na Marehemu akainamisha pua na kutulia mteremko ukiwa bado mrefu mbele yake. Hakuna aliyepiga makofi. Wote walikuwa wanamtazama Baba.

Baba alikuwa ameshika dashibodi kwa mikono miwili. Akasema, na wote tulimsikia kwa kuwa madirisha yalikuwa wazi, kwamba hata siku ile ya kwanza zilishika. Leo zinashika. Yeye anauliza habari ya kesho, mama yake akiwa amekaa pale alipokaa yeye.

Lilikuwa swali la haki, na Shangazi alilipa heshima yake. Hakubisha. Alivuta breki ya mkono, akatoa gia, akazima injini, akafungua mlango akatoka. Tulidhani amesalimu amri. Mwenye minyororo akapiga hatua mbele. Shangazi akazunguka mpaka mbele ya gari, upande wa kuteremkia, akasimama pale na magoti yake yakigusa bampa. Akakunja mikono na kumtazama kaka yake kupitia kioo.

"Toka hapo," Baba akasema. Sauti haikuwa yake.

"Sitoki. Umeuliza habari ya kesho, kaka. Nitakaa hapa mpaka kesho. Ukitaka, mpaka keshokutwa."

Gari zima la chuma lilikuwa juu yake, limeshikwa na vile vibao viwili viwili na waya mmoja wa breki ya mkono unaovivuta. Mwenye lori alipiga honi kutaka jibu. Baba hakugeuka. Alikuwa anamtazama Shangazi, halafu breki ya mkono, halafu Shangazi. Gari halikusogea hata unywele. Sijui ilichukua muda gani. Najua jasho lilimfika Baba kidevuni na hakulifuta.

Mwishowe akatoa mkono dirishani, akampungia mwenye lori aende. Yule bwana akasonya, akatupa minyororo yake nyuma ya lori, akaondoka. Shangazi hakujisogeza hadi mngurumo ulipopotelea kona.

"Ameshakwenda," Baba akasema. "Sasa toka hapo mbele, dada yangu, nakuomba."

"Mlete mama kwanza," Shangazi akasema. "Hapahapa. Apande gari likiwa hivi lilivyo."

Baba akafungua mkanda. Akateremka, akaufunga mlango taratibu kana kwamba kuna mtu amelala ndani, akaanza kupanda mteremko kwenda kumchukua Bibi.