Kiti cha Maboksi

Kabla ya kuitwa Mama Maboksi alikuwa fundi cherehani, na mpaka leo ni fundi cherehani, ila jina likishamganda mtu halibanduki. Lilimganda kwa sababu hakuweza kuona boksi likitupwa akapita. Vipimo vyake vya kukatia nguo alivichonga kwenye maboksi ya sabuni: shingo, mkono, kola, kila kipande na tundu lake la kutundikia kwenye msumari. Nyuzi zilikaa ndani ya boksi la viatu alilolitenga vijumba vijumba, vifungo kwenye vijiboksi vya dawa. Chini ya kitanda, maboksi ya matunda aliyoyavalisha mabaki ya vitambaa yalikuwa ndiyo droo.

"Mama," binti yake alikuwa akimwambia, "iko siku tutakutafuta humu ndani tukukose, kumbe tumekufungasha."

"Mkinifungasha, basi choreni mshale muonyeshe upande wa juu."

Waliishi watatu: yeye, binti yake aliyekuwa mpishi hospitalini, na mjukuu wa kike wa miaka saba ambaye bibi alimwita mke mwenzangu. Mtoto aliugua akiwa mchanga, mgongo na miguu vikakosa nguvu. Kichwa, hicho kilikuwa na nguvu za watu watatu. Bibi alipokuwa akishona, alimkalisha mapajani, akamfunga kwa kitambaa kiunoni mwake ili asianguke, na mtoto akawa anasoma maandishi ya maboksi ukutani. Hivyo ndivyo alivyojua kusoma, kwa sabuni na kwa dawa ya mende.

Mwaka huo bibi alimbeba mgongoni hadi shuleni. Mwalimu mkuu, bwana mnene mwenye sauti ya upole, alimsikiliza mtoto akisoma ukurasa mzima, akavua miwani.

"Mama, huyu nafasi yake ipo. Lakini darasa lina watoto hamsini na mwalimu mmoja. Mtafutie namna ya kukaa mwenyewe bila kushikiliwa, umlete siku tutakayofungua. Ikipita hiyo, nafasi itakwenda kwa mwingine."

Zilibaki wiki tatu. Viti maalumu waliviona hospitalini. Bei yake hata kuitaja ilikuwa kujitia homa. Bibi alimbeba mjukuu, akashika njia ya nyumbani. Alipofika kwenye duka la majokofu alisimama. Nje palikuwa na maboksi matupu, manene, marefu kuliko mtu.

"Mwanangu, haya unayafanyia nini?"

"Nayachoma, bibi," alisema mwenye duka.

"Usichome. Bora nichoke mimi kuyabeba."

Aliyabeba mwenyewe safari nne. Alimpima mjukuu kwa futi, kiuno, paja, goti mpaka kisigino, kama anayempima bibi harusi, na mtoto akajishaua kama bibi harusi. Akapika gundi ya unga wa ngano, nzito, akabandika tabaka juu ya tabaka: kikalio, mgongo, mbavu mbili za kushikilia pembeni. Siku ya tano kiti kilisimama kizuri. Wakamkalisha. Kiti kikanung'unika, mgongo ukainama taratibu, mbele kukashuka.

"Bibi," alisema mtoto akiwa amelala ubavu sakafuni, "kiti kimepiga magoti."

Binti alicheka mpaka akatoka nje, na huko nje akalia kidogo. Bibi hakucheka wala hakulia. Alichukua mkasi, akakipasua kile kiti kama mtu anayefumua mshono, akachungulia ndani. Boksi nene lina vijifereji katikati, vimejipanga kama mistari ya daftari. Vyake vyote vilikuwa vimelala upande mmoja, na kiti kilikuwa kimekunjika kwa kufuata mistari hiyo hiyo.

"Miaka arobaini," alisema peke yake. "Miaka arobaini najua kitambaa kina upande wa uzi, huku kinashika, huku kinavutika. Halafu nakata boksi kama sijawahi kushika mkasi."

Akaanza upya. Safari hii tabaka moja vijifereji vilisimama, la pili vikalala, la tatu vikasimama, mpaka matabaka manane. Ili yashikane sawasawa yalihitaji uzito, na uzito pekee chumbani ulikuwa cherehani. Akaipandisha juu ya mbao, mbao juu ya maboksi, ikakaa huko siku sita. Wateja waliofuata nguo zao waliambiwa cherehani iko kazini. Mwenye duka alisikia, akaleta boksi jingine na kopo la rangi ya kijani lililobaki alipopaka milango.

Binti ndiye aliyepaka. Alipofika mgongoni mwa kiti, penye mshale wa kuonyesha upande wa juu, mtoto akamzuia.

"Usiufute, mama. Watakaonibeba wajue nikae vipi."

Siku ya kufungua shule, binti alibeba kiti kichwani, bibi akambeba mtoto. Mwalimu mkuu alikizunguka kiti, akakibonyeza kwa kidole, akakibonyeza kwa kiganja.

"Hili ni boksi?"

"Ni boksi, mwalimu."

Akainua suruali kidogo magotini, akakaa yeye mwenyewe, mzima mzima. Kiti hakikusema neno. Mwalimu akainuka, akamkalisha mtoto, akamwachia taratibu mkono mmoja, halafu wa pili. Mtoto akabaki wima, mshale ukichungulia nyuma ya shingo yake. Alipoona mwalimu amesogea, akamwambia bibi kwa sauti ya chini, "Mke mwenzangu, nenda sasa. Wenzangu wananiangalia."

Bibi akaenda. Mgongo wake ulikuwa mtupu, mwepesi, ukamfanya atembee kama aliyesahau kitu. Alipofika kwenye duka la majokofu hakuomba chochote. Alimshika mwenye duka mkono kwa mikono yake miwili.

"Mungu akuzidishie, mwanangu."

"Kwa maboksi tu, bibi?"

"Kwa maboksi," alisema, na hakumwachia mkono upesi.