Mtoto wa Mchana

Mume alipofariki aliacha santuri hamsini na tisa, zote za jazi iliyochanganywa na fanki, na mkewe hakuwahi kusikiliza hata moja kwa hiari yake. Mke alikuwa mpiga pasi katika duka la dobi. Kazini walimwita Pasi, kwanza kwa sababu hakuna aliyejua kunyoosha kola kama yeye, na pili kwa sababu maneno yake yalikuwa machache na ya moto. Marehemu alikuwa mwoka mikate wa zamu ya usiku. Alirudi asubuhi na unga kwenye nyusi wakati mkewe anafunga viatu, na kwa miaka mingi ndoa yao iliishi pale mlangoni, katika dakika kumi za umeamkaje na chai iko kwenye chupa.

Miezi miwili baada ya mazishi alikuja wifi yake, dada mkubwa wa marehemu, mkunga aliyestaafu, mtu wa kuingia nyumba ya mwenzake na kwenda moja kwa moja jikoni kuangalia kama birika lina maji. Alikuwa na ombi. Mtangazaji mmoja wa redio, mwenye kipindi cha muziki wa zamani, amesikia habari za zile santuri na anaomba akazitunze studio. Wifi akaongeza kwamba humu ndani hakuna anayezipenda, zitaliwa na vumbi bure.

Pasi alijibu kwamba azichukue hata kesho. Lakini wifi alipoondoka, alishika kitambaa akaanza kuzifuta, maana hakuwa mtu wa kutoa kitu kichafu nje ya nyumba yake. Ndipo alipoona maandishi ya penseli.

Mwandiko ulikuwa wa mumewe, herufi ndogo zilizolala upande, pembeni mwa jalada la ndani. "Upande wa kwanza, wimbo wa pili. Amecheka." Chini yake tarehe. Pasi alihesabu miaka nyuma, akahesabu tena, kisha akakaa kitandani.

Walikuwa na mtoto mmoja, wa kike, aliyeishi miezi minane. Jioni alikuwa wa mama. Mchana alikuwa wa baba, aliyeiba usingizi vipande vipande huku mtoto kamlalia kifuani. Siku moja, saa nane mchana, Pasi aliletewa habari kazini kwamba akimbilie nyumbani. Alikuta chumba kimejaa majirani na gramafoni bado inazunguka, sindano ikikwaruza mwisho wa santuri bila mtu wa kuinyanyua. Mtoto alikuwa amefia usingizini. Wifi, ambaye wakati huo alikuwa bado mkunga wodini, alijitahidi kumweleza kwamba watoto wengine huondoka hivyo, kimya kimya, bila homa wala kilio. Hayo yote Pasi hakuyasikia. Alimgeukia mumewe.

"Ungezima hayo makelele," alisema, "ungemsikia."

Wiki iliyofuata mume alinunua vile vifaa vya kuvaa masikioni, na tangu hapo muziki haukusikika tena ndani ya nyumba ile. Kwa miaka thelathini na moja alikaa kwenye kiti cha dirishani, waya ukining'inia kutoka sikioni hadi kwenye gramafoni, kidole gumba kikigonga goti kwa mapigo ambayo hakuna mwingine aliyeyajua. Hawakujaliwa mtoto mwingine. Hawakugombana pia. Sasa kiti kilikuwa kitupu, na mara mbili Pasi alipita na beseni la nguo akajikuta ameinua mguu kuruka waya ambao haukuwapo.

Aliyachomoa majalada yote. Kumi na tisa yalikuwa na penseli. "Tarumbeta inamliza, niruke." "Besi hii inamlaza kuliko mimi." "Leo karusha mguu wa kushoto pale dramu zinaposimama. Nimerudisha sindano, karusha tena. Mara tatu. Si bahati." Pasi alisoma akiwa ameziba mdomo kwa kiganja. Yeye alimjua mtoto wa jioni, aliyechoka, anayeng'ang'ania titi na kusinzia. Huyu wa mchana hakuwahi kukutana naye. Kumbe alikuwa na anachokipenda na asichokitaka, na baba yake alikuwa akimfuatilia kama mwanafunzi anayeandika maneno ya mwalimu.

Kesho yake alituma salamu kazini kwamba anaumwa. Akachomoa waya ili sauti itoke kwenye spika, akaweka ule upande wa kwanza. Mara ya kwanza alisikia yaleyale aliyoyasikia ujanani: sufuria zinaanguka, mtu anakwangua nyuzi kwa hasira. Mara ya tatu sauti zikaanza kuachana. Besi ikawa ya mtu mnene anayeshuka ngazi bila wasiwasi. Kinanda cha umeme kikawa kinamjibu kwa utani, gitaa likidonoa pembeni, na saksafoni ikingoja zamu yake kama mgeni mwenye adabu. Kisha, katikati ya wimbo wa pili, wote walinyamaza ghafla kwa pigo moja tu, kimya kabisa, kabla dramu hazijaanguka pamoja kama mzigo wa vyuma. Pasi alishtuka akacheka. Kicheko kilimtoka bila ruhusa, na papo hapo akajua mtoto alichekea wapi.

Alirudisha sindano mara nyingi asubuhi ile.

Kati ya zile zenye penseli, moja ilibaki. Jalada lake halikuwa na maelezo, ila tarehe tu, na tarehe yenyewe hakuhitaji kuihesabu. Aliifuta, akairudisha, akaenda kuosha vyombo vilivyokuwa safi. Alasiri ndipo alipoiweka, akasimama karibu na mlango, tayari kutoka.

Hayakuwa makelele. Kilikuwa kinanda cha umeme karibu peke yake, noti moja moja, kama mtu anayetembea pekupeku chumba alicholala mwenzake. Besi iligusa hapa na pale. Mpiga dramu alikuwa akizipapasa tu kwa brashi. Jokofu la jikoni liliuzidi muziki ule. Pasi alisikia kijiko kikigonga kikombe nyumba ya pili. Alisikia pumzi zake mwenyewe. Mtoto angepiga chafya, baba angesikia. Angekohoa, angesikia. Hakukuwa na cha kusikia.

Alikwenda kwa wifi jioni ileile, amevaa ndara za bafuni bila kujua. Alimuuliza kama alikuwa anajua kwamba muziki wa siku ile haukuwa makelele. Wifi alichukua kikombe kikavu akakikausha kwa muda.

"Nilimwambia akueleze," alisema mwishowe. "Akasema, 'Dada, mwache anilaumu mimi. Asubuhi ile alitaka kubaki na mtoto, mimi ndiye niliyemwambia nenda kazini. Akikosa wa kumlaumu, atajigeukia mwenyewe.'"

"Na wewe ukanyamaza miaka yote hiyo?"

"Aliniapisha, wifi yangu."

Kujua hakukumletea amani. Alikuwa akirudi kutoka kazini anamwona mumewe pale dirishani, mabega yameinama, na mikono yake ilimwasha kutaka kuuvuta ule waya. Siku moja alikiambia kiti samahani, kwa sauti. Akajiona mjinga. Akarudia.

Mtangazaji alipata santuri arobaini; kumi na tisa zilibaki. Majuma machache baadaye, redio ya pale dobi ilipiga mojawapo ya zile arobaini, na mwenzake wa meza ya pili, aliyefanya naye kazi miaka kumi na minne, alinyoosha mkono abadilishe stesheni. Pasi alimwomba aache. Mwenzake akauliza, kwa mzaha, tangu lini yeye na fujo za namna hii.

Pasi alisimamisha pasi wima.

"Nilikuwa na binti," alisema. "Alipenda muziki huu."

Mwenzake akauliza mtoto aliitwa nani. Na Pasi, ambaye hakuwa amelitamka jina lile kwa miaka thelathini na moja, alilitamka mara moja, taratibu, katikati ya mvuke, kama anayemwita mtu wa chumba cha pili. Kisha akatulia, kichwa kakiinamisha upande kidogo, akasikiliza.