Macho Yaliyotazama Chini

Kwa miaka arobaini Mong'ina hakuwahi kumtazama mtoto mchanga usoni. Kule Manga, kwenye mteremko ambako ukungu hukawia hadi saa nne, kila mtu alijua sababu. Marehemu mama yake, Nyakerario, alikuwa na jicho. Hakuwa mtu mbaya. Hata waliomchukia walikiri hivyo. Lakini akimkazia macho mtoto mweupe wa ngozi, mtoto angelia kutwa nzima, na akipakwa samli tumboni, vitu vingetoka ngozini: nyuzi, vipande vya majani, unywele usio wake. Wenyeji wa huko huliita okobiriria. Mwenye jicho hakusudii lolote. Jicho hufanya lenyewe. Nalo hurithiwa, mama kwa binti.

Basi Mong'ina alijifunza kutazama chini. Kanisani alikaa benchi la nyuma, na bado akina mama wenye vichanga walisogea mbali taratibu, bila chuki, kama watu wanaokwepa jua. Wanawe watatu aliwanyonyesha akiutazama ukuta. Hakupata binti. Alimshukuru Mungu kwa hilo, kisha akalia.

Siku moja alimuuliza Alfayo, mzee wa kanisa, kama jicho ni dhambi. Alfayo alimjibu kwamba dhambi ni kile mtu alichokichagua. Mungu hamhukumu mtu kwa asichokitaka. Alinuia kumfariji. Lakini Mong'ina alirudi nyumbani na baridi mgongoni. Kama si yeye anayetaka, ni nani basi anayetazama kwa macho yake? Tangu hapo alihisi kuna mtu nyuma ya kope zake, ametulia tuli, anangoja zifunguke. Akinawa uso asubuhi hakuthubutu kuyatazama maji ya karai.

Ijumaa moja Damaris, mke wa mwanawe Masese, alifika kutoka Kisii na mtoto wa miezi minne, msichana, mweupe kama ndizi iliyomenywa. Masese alikuwa amemrudisha bibi yake kwa jina: mtoto aliitwa Nyakerario.

Damaris alikuwa mwalimu, na hakuwa na muda na mambo ya jicho. Alimweka mtoto mapajani mwa mama mkwe kabla hata ya kuvua viatu. Mong'ina akamshika, macho dirishani. Alihisi kile kichwa kidogo kikigeuka, kikiutafuta uso wake.

"Mwangalie tu, Mama," Damaris alisema.

"Mwanangu, nikimwangalia, si mimi peke yangu nitakayemwangalia."

Jirani yao Mokeira, aliyekuja kusalimu, alicheka, akasema Mong'ina hata kuku wake hawaangalii, ndiyo maana mwewe amenenepa. Damaris naye akacheka. Mong'ina hakucheka. Akamrudisha mtoto.

Kesho yake, Sabato, mtoto alirudi kutoka kanisani salama. Lakini baada ya chakula cha mchana alianza kulia. Alilia mpaka sauti ikakauka, akakataa titi, miguu ikijikunja tumboni. Damaris alimpima joto; hakuwa na homa. Ndipo Mokeira akaleta samli katika kikombe bila kuulizwa. Damaris alisita, akamfungua mtoto nguo. Mokeira alipaka, akasugua polepole kwa kiganja, mara kitu kikaanza kujitokeza pale tumboni. Uzi mweusi. Kipande cha jani. Kisha unywele, mrefu, wa mvi.

Mtoto akanyamaza.

Mokeira alimgeukia Mong'ina, akamuuliza kwa upole alimwangalia mtoto saa ngapi. Mong'ina alisema hakumwangalia kabisa. Damaris akathibitisha: siku mbili alikuwa amemchunga mama mkwe wake, na hakumwona akimtupia mtoto jicho hata mara moja. Akasema uzi na unywele huweza kutoka kwenye blanketi lolote.

Mong'ina alijua huu ndio wakati wa kufurahi. Jicho halikuwa lake. Pengine halikuwa hata la mama yake. Akasikiliza nyuma ya kope zake, hakukuwa na mtu. Palikuwa na yeye tu, na hilo likamtisha kuliko yote.

"Damaris," alisema, "leo asubuhi, katika maombi ya kimya, niliomba mtoto augue. Kidogo tu. Augue nikiwa sijamwangalia, ili nijue kwamba si mimi. Hakuna aliyenisukuma. Niliomba mwenyewe, kwa akili zangu."

Mokeira aliweka kikombe chini. Damaris, asiyeamini jicho, alivuta leso haraka akamfunika mtoto uso.

Mong'ina hakujitetea. Maisha yake yote watu walikuwa wamemwogopa kwa jambo asilolifanya. Sasa aliogopwa kwa alilolifanya. Aliinua macho, akamtazama mke wa mwanawe, akangoja, kama mtu aliyesimama mlangoni asijue kama atakaribishwa.

Damaris aliweka mkono juu ya leso.

"Mimi siwezi kukusamehe kwa niaba yake," alisema. "Muombe yeye mwenyewe."

Akaifunua leso. Mong'ina akapiga magoti kando ya kiti, akainama, akatazama. Mtoto alikuwa macho, na alikuwa ameshaanza kumtazama.