Mpishi wa Shule na Unga Usiopikwa

Ko.

Ni goti. Katika nyumba ya vyumba viwili pembezoni mwa mji wa Manyoni giza bado limetanda, kuku hawajashuka, na mlio huo mkavu ndio wa kwanza kusikika kila siku ya shule. Scholastika Mazengo, mwenye miaka 43, amesimama kando ya kitanda, mkono ukutani. Anangoja. Goti la pili nalo linalia, hafifu zaidi.

“Yakilia najua nitatembea,” anasema kwa sauti ya chini, kwa sababu binti yake Rahabu, mwenye miaka sita, bado amelala. “Siku yakinyamaza ndipo ninapoogopa.”

Kabla hakujapambazuka vizuri yuko jikoni kwake kwa pili, jiko la shule ya msingi ambako amepika kwa miaka kumi na mmoja. Paa la bati limekuwa jeusi kwa moshi. Majiko mawili ya tofali yanawaka kuni. Uji hutoka saa nne, ugali na maharage saa saba, na wanafunzi karibu mia nne hawajui neno “bado”.

Kazi ngumu kuliko zote ni kusonga. Sufuria ya ugali inamfika Scholastika kiunoni, na mwiko wake ni mrefu kama mchi. Hasongi kwa mikono. Anaushika mwiko, anauegemea, anaurudisha nyuma kwa mwili mzima, na unga unatii.

Upande wa pili wa sufuria anasimama mwenzake, Yunisi, mwanamke mwembamba anayelazimika kupanda juu ya tofali ili afike.

“Mimi nasonga kwa hasira,” anasema Yunisi. “Mama Rahabu anasonga kwa kilo.”

“Zikuume,” anajibu Scholastika, bila kuacha kusonga.

Kilo zenyewe zilikuwa 104. Alizijua mwaka huu tu, siku alipopimwa presha kwenye kituo cha afya na kuanzishiwa vidonge. Kabla ya hapo unene haukuwa habari. Kwao, mtu akikutana nawe baada ya msimu mrefu akakuambia “umenenepa”, unashukuru, kwa maana ameona kwamba kwako kunalika.

Kilichobadilika ni magoti. Mwezi wa Tano alikaa kwenye kigoda kuchagua maharage, akashindwa kuinuka. Wanafunzi wawili wa darasa la saba walimvuta kila mmoja mkono wake. Wa tatu alihesabu kwa sauti: “Moja, mbili, vuta!” Walicheka wote, na yeye alicheka. Baadaye, anasema, alikwenda nyuma ya stoo akakaa peke yake mpaka macho yalipokauka.

Mwalimu mkuu hakucheka. Alimwita pembeni, akamsalimia vizuri, akamwambia kwamba mwezi wa Januari kamati ya shule itaangalia upya wapishi wake, na kwamba wazazi wameanza kuuliza kama mama mpishi ataweza kusimama mwaka mwingine.

“Hakuniambia kwa ubaya,” anasema Scholastika. “Lakini nilielewa. Sufuria haimngoji mtu.”

Wapishi hao wawili hulipwa kwa michango ya wazazi, shilingi laki moja na ishirini kila mmoja, mwezi ambao michango imekuja. Mume wake, Abraham, analima alizeti na uwele, na mvua ndiyo inayompangia. Fedha ya jikoni angalau ina tarehe.

Ndipo akasikia habari za Mwili Mwepesi.

Ni mpango wa kupunguza uzito unaouzwa na kampuni moja kupitia mawakala. Kwa shilingi laki mbili na nusu mwanachama anapata wiki sita za kupimwa kila Jumamosi, matembezi ya pamoja, kundi la kutiana moyo kwenye simu, na makopo ya unga wa kunywa badala ya chakula cha asubuhi na cha jioni. Wakala wa Manyoni ni Eliana, binti wa miaka 29 anayekodi ukumbi wa nyumba ya wageni karibu na barabara kuu. Katika simu yake ana picha yake ya zamani akiwa na kilo 92. Leo ana 71, na haifichi picha hiyo.

“Simwambii mtu ni mbaya akiwa mnene,” anasema Eliana. “Namwambia mimi nilikuwa nafunga viatu kwa kushikilia pumzi. Sasa nafunga huku naongea.”

Scholastika alikwenda kama mgeni, akapewa pakiti za kujaribu bure za wiki moja. Nyumbani akamweleza mumewe. Abraham, mtu wa maneno machache, alimsikiliza mpaka mwisho.

“Ukikonda watasema Abraham hamlishi mkewe,” alisema.

“Na nikianguka jikoni watasema nini?”

Abraham alitoka kwenda kuangalia mbuzi ambao, kwa maelezo ya mkewe, walikuwa wameshafungwa tangu jioni.

Jumamosi iliyofuata wanawake kumi na wawili walipanga foleni mbele ya mizani. Mmoja alikuwa amepungua kilo mbili, mwingine tatu. Scholastika alipanda. Alikuwa ameongezeka moja na nusu.

Eliana alimshusha, akamsogeza pembeni. Lakini ukumbi ni mdogo, na walioshuhudia wanayakumbuka mazungumzo hayo neno kwa neno.

“Mama, ile ya asubuhi unakunywa saa ngapi?”

“Nikishawasha moto. Nakunywa ikiwa ya moto. Ya jioni naila kwa kijiko.”

“Kwa kijiko? Inalikaje kwa kijiko?”

“Ikishaiva inakuwa nzito, mwanangu.”

Wanawake kwenye foleni waligeuka.

“Ikishaiva?”

Alikuwa ameipika. Kila pakiti aliikorogea kwenye maji yanayochemka, akaongeza vikombe viwili vya unga wa uwele ili ishike, karanga za kusaga ili iwe na ladha, na sukari kidogo, kwa sababu ilinukia keki na keki isiyo na sukari, anasema, ni uongo. Rahabu alipewa bakuli lake. Jirani aliyepita naye hakunyimwa.

Wanawake walicheka mpaka mmoja akakalia mizani. Eliana mwenyewe alifunika uso kwa mikono.

“Inachanganywa na maji ya baridi tu, mama! Unatikisa, unakunywa.”

“Unga mbichi?” Scholastika alishangaa, na mpaka leo akisimulia hushangaa upya. “Mimi ni mpishi. Mtoto akinywa unga mbichi anaharisha, na wa kwanza kuulizwa ni mimi. Sasa niunywe mwenyewe, kwa hiari, tena kwa kulipia?”

Eliana hakumwacha. Alimpa pakiti nyingine za wiki moja, akamwonyesha jinsi ya kutikisa kwenye chupa. Safari hii Scholastika alifuata maelekezo yote. Mchana alikula sahani ndogo, asubuhi na jioni akanywa chupa yake huku amefumba macho. Viatu vilianza kumlegea. Jioni, anasema, alijisikia mwepesi “kama kanga iliyoanikwa”.

Alhamisi ya wiki hiyo, katikati ya kusonga, jiko lilizunguka.

Hakuanguka. Alishika ukingo wa ukuta, mwiko ukabaki umesimama wenyewe ndani ya ugali. Yunisi alipiga kelele, akamkalisha juu ya ndoo, akarudi kwenye tofali lake kusonga peke yake. Mtu mmoja hakutosha. Ugali uliiva nje, ndani ukabaki na mabonge ya unga mkavu.

Saa saba foleni ilifika dirishani.

“Mama mpishi, leo ni ugali au mawe?” aliuliza mvulana wa darasa la sita, akigeuza bonge kwa kidole.

“Kula, na wewe!” Yunisi alimfokea. “Kwenu unapewa keki?”

Lakini sahani nyingi zilirudi na mabonge yake, na mbwa wa jirani walishiba siku ile. Scholastika alizipokea zote pale dirishani. Jumamosi mizani ilisema amepungua kilo mbili.

Hapo ndipo hesabu yake ilipokuwa ngumu. Unga wa Eliana unafanya kazi, aliuona mwenyewe. Na akiwa anakunywa unga huo, hawezi kusonga ugali, kazi ile ile anayotaka kuiokoa.

Eliana anakiri kwamba wiki za mwanzo si rafiki wa kazi nzito. “Huwa tunashauri mtu aanze akiwa likizo,” anasema.

“Likizo!” alisema Scholastika alipoelezwa. “Likizo yangu ni mwezi wa Desemba, na Desemba nalima na mume wangu. Kwani jembe linashikwa na nani?”

Wapo waliojiunga na hawajuti. Catherine, muuza vitenge sokoni, amemaliza wiki zake sita, amepungua kilo nane, na anasema kulala kwake kumekuwa usingizi, si kukoroma. Kazi yake ni ya kukaa. Tatizo lake ni wateja.

“Kila anayeingia ananiuliza kwa huruma, ‘Dada, unaendeleaje?’” anasema. “Nimelipa kukonda, sasa nalipa tena kwa kueleza kwamba siumwi.”

Ikiwa zimebaki siku chache uandikishaji wa kundi jipya la Mwili Mwepesi ufungwe, Scholastika alikwenda kituo cha afya kuchukua vidonge vyake vya presha. Alimsimulia muuguzi yote, pamoja na uji wa keki. Muuguzi huyo, Magdalena, alicheka kwanza, kisha akawa mkali. Mtu wa presha anayemeza vidonge, alimwambia, haachi milo miwili kwa siku bila kumuuliza daktari. Apungue, ndiyo, lakini polepole, na atembee. Kisha akamuuliza kitu ambacho hakuna aliyewahi kumuuliza.

“Jikoni unaonja mara ngapi?”

Scholastika alisema mara moja moja. Magdalena akampa kazi ya siku moja: kila anapotaka kuonja, kiasi kile kile akitie kwenye bakuli badala ya mdomoni. Uji, maharage, chumvi ya maharage, maharage baada ya chumvi, ugali, na ule ukoko wa chini ambao kwa desturi ya jikoni ni haki ya mpishi.

Saa saba mchana bakuli lilikuwa limejaa, la pili limefika nusu.

“Nililiangalia mara mbili,” anasema. “Na hapo sijala. Chakula changu kilikuwa bado kipo, nimefunikiwa na Yunisi.”

“Mimi nilijua,” anasema Yunisi.

“Ulijua mbona hukusema?”

“Niseme nini? Na ukoko tulikuwa tunagawana?”

Siku hizi Yunisi ndiye anayeonja, na ukoko unachukuliwa na mlinzi wa shule, ambaye hana malalamiko. Scholastika anakula asubuhi na mchana, ugali kipande kimoja badala ya viwili. Mafuta ya alizeti, ambayo mumewe hukamua na kuleta nyumbani kwa dumu, anayapima kwa kijiko, na Abraham ameanza kuuliza kama mboga zimesusiwa na mafuta.

Jumamosi ya mwisho ya kujiandikisha alikwenda ukumbini. Hakulipa. Alimweleza Eliana sababu zake mbele ya wote, kwa heshima, kisha akamuuliza kama kampuni inauza mizani na matembezi tu, bila unga.

“Hatuna kifurushi hicho, mama,” alisema Eliana.

“Basi ndiyo hivyo.”

Alikuwa ameshafika mlangoni Eliana alipomwita. Wakala hulipwa kwa makopo aliyouza, na kwa Scholastika hakuwa ameuza hata moja.

“Saa kumi na moja jioni tunatembea mpaka stesheni na kurudi,” alimwambia. “Njoo. Barabara si ya kampuni.”

Tangu siku hiyo hajakosa. Anatembea nyuma ya kundi, lakini anafika. Eliana amekwisha kupeleka swali lake kwa wakubwa wake, kama inawezekana kuanzisha malipo madogo ya kupimwa na kutembea kwa wanawake wa kazi za mikono. Jibu halijaja.

Je, amekosea kutojiunga? Scholastika hajui. Kuna siku anamwona Catherine amevaa gauni lililomkaa vizuri, anajiuliza. Mwaka ujao, kama daktari atakubali na alizeti ikipata bei, anaweza kujiandikisha. Hajafunga mlango. Mpaka sasa amepungua kilo tatu, taratibu, na hakuna anayemuuliza kama anaumwa. Hilo linamfurahisha na kumuudhi kidogo.

Anachokitaka hasa ni kidogo. Rahabu yuko darasa la kwanza katika shule hiyo hiyo. Scholastika anataka kamati ya Januari imkute amesimama, na aendelee kusimama pale dirishani mpaka binti yake apokee sahani yake ya mwisho ya darasa la saba.

“Nimpakulie mwenyewe,” anasema. “Baadaye waniweke wanapotaka.”

Saa tisa na nusu mchana sufuria zimeoshwa na kufunikwa. Zamani mama na mwana walikuwa wakirudi nyumbani kwa bodaboda. Sasa wanatembea. Njia inapita kwenye vichaka vya miiba, inafika kwenye tuta la reli, inapanda. Scholastika ameinama mbele, kanga imekazwa kiunoni. Anapanda. Anafika juu, anavuka reli, anaanza kushuka upande wa pili.

Nyuma yake, chini kabisa ya tuta walikotoka, mkoba mgongoni na kiatu kimoja mkononi, Rahabu ametazama juu kutafuta mgongo wa mama yake.

“Mama, nisubiri.”